Saratani ya ini: Makadirio ya daktari na uamuzi wa familia

WAKULIMA wa bonde la Kilombero wanaujua vyema msimu wa kuuza mpunga. Wanajua pia kwamba mara nyingine mpunga huuzwa kabla ya wakati wake, na shamba lenyewe likafuata, kwa sababu mkubwa wa nyumba ameugua. Miongoni mwa maradhi yanayoifikisha familia katika hali hiyo ni saratani ya ini. Mgonjwa huanza kwa maumivu chini ya mbavu za kulia, akakosa hamu ya chakula, akakonda mwili huku tumbo likijaa, na hatimaye macho yakawa ya manjano. Kwa kawaida, wakati dalili zote hizi zimekwisha kukutana, ugonjwa umekaa ndani kwa muda mrefu.

Wapo wachache, hata hivyo, ambao uvimbe wao huonekana ungali mdogo, na wakaambiwa kwamba unaweza kukatwa. Familia hukaa mbele ya daktari bingwa na kusikia maneno mazito: kwamba katika kila wagonjwa mia moja wenye hali kama ya baba yenu, kadhaa hawataifikia siku ya 90 baada ya upasuaji.

Hapo ndipo ndugu hugawanyika. Mmoja husema kwamba daktari huyu amejitia katika mambo ya ghaibu. Wa pili husema tuuze shamba lote twende, potelea mbali. Wa tatu huona ni heri mzee arudishwe nyumbani akatafutiwe mitishamba. Katika makala haya tunakusudia kueleza makadirio hayo yanatoka wapi, yanapimwaje, yanaishia wapi, na familia ya Kiislamu iyapokee vipi. Kauli yetu ni moja: makadirio ya daktari ni ushauri kwa ajili ya uamuzi, na familia inayoyaulizia mapema na kuyaelewa sawasawa huweza kuokoa uhai pale unapookoleka, na kuokoa mali na heshima ya mgonjwa pale isipowezekana.

MAKADIRIO SI ELIMU YA GHAIBU

Hapana shaka kwamba Mwislamu anaamini kuwa saa ya kufa, na ardhi ambayo mtu atafia, ni katika mambo anayoyajua Mwenyezi Mungu peke yake. Imani hiyo haitikiswi na hesabu ya daktari, kwa sababu daktari hadai kuijua saa ya mtu. Mpiga ramli humtazama mtu mmoja akasema fulani atakufa lini. Daktari huwatazama watu wengi waliotangulia, wenye umri, maradhi na vipimo vinavyofanana na vya mgonjwa wake, akahesabu wangapi walipona na wangapi walifariki. Anachokisema ni habari ya kundi. Mgonjwa wake ataangukia upande gani, hajui.

Watu wa Ifakara hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1996, watafiti wa taasisi ambayo leo inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara walianza kuandikisha kaya katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kisha wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Kutokana na hesabu hiyo ya nyumba kwa nyumba, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne.

Tuzingatie jambo hili. Hapakuwa na mtafiti aliyeweza kumwonyesha mama mtoto mmoja na kumwambia: huyu angekufa, chandarua ndicho kilichomwokoa. Ilijulikana habari ya kundi tu. Na bado akina mama wa bonde hili walitandika vyandarua, wala hakuna aliyewaambia kwamba wamemshirikisha Mungu. Makadirio ya hatari baada ya upasuaji wa ini ni mtoto wa elimu hiyo hiyo ya kuhesabu.

KWA NINI UPASUAJI WA INI NI MZITO

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Mwenyezi Mungu amelipa sifa ambayo viungo vingi havina: likikatwa sehemu, sehemu iliyobaki hukua tena kwa muda wa wiki na miezi. Ini lisilo na maradhi huweza kustahimili hata likibakiwa na robo hivi ya ukubwa wake.

Tatizo ni kwamba saratani hii mara nyingi haioti katika ini zima. Huota katika ini lililokwisha kuharibiwa kwa miaka mingi na virusi vya homa ya ini aina ya B au C, au pombe, au mafuta yaliyojikusanya ndani yake, au sumukuvu itokanayo na mahindi na karanga zilizoota ukungu. Ini la namna hiyo hujaa makovu na kuwa gumu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Ini lenye makovu halikui upesi likikatwa. Kwa sababu hiyo wapasuaji wengi hutaka, kwa mgonjwa wa sirosisi, ibaki walau asilimia 40 ya ini.

Kinachobaki kikiwa kidogo, au kikiwa dhaifu, ini hushindwa kazi. Rangi ya manjano iitwayo bilirubini hujaa katika damu, damu huacha kuganda inavyopasa, maji hujaa tumboni, mgonjwa huanza kuchanganyikiwa au kulala mno, na figo nazo huweza kufuata. Wengine hufariki kwa kuvuja damu au kwa maambukizi. Vifo hivi havitokei vyote katika wiki ya kwanza. Baadhi hutokea baada ya mwezi mmoja kupita, na ndiyo maana wataalamu wa ini hupendelea kuhesabu siku 90 badala ya 30.

Kwa mgonjwa anayetoka Malinyi, Mlimba au Mahenge, siku hizo 90 zina maana ya pekee. Hospitali ya rufaa aliyopasuliwa, ikiwa ni ya Dar es Salaam, iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Ifakara. Daraja la Magufuli lililozinduliwa mwaka 2018 liliwaondolea watu wa ng'ambo ya mto shida ya kusubiri kivuko, lakini safari bado ni ndefu kwa mtu mwenye kidonda tumboni. Mgonjwa anaweza kuruhusiwa akiwa anatembea, akafika nyumbani akapokewa kwa furaha, na hatari ikawa haijaisha.

VIPIMO VINAVYOTUMIKA

Mizani ya zamani zaidi inayotumika hadi leo ina majina ya madaktari Child na Pugh. Ilianza Marekani mwaka 1964 na kurekebishwa London mwaka 1973. Huangalia mambo matano: bilirubini, protini ya damu iitwayo albumini, kasi ya kuganda kwa damu, maji tumboni, na hali ya akili ya mgonjwa. Kila jambo hupewa alama kutoka moja hadi tatu. Mwenye jumla ya alama 5 au 6 huwekwa daraja A, mwenye 7 hadi 9 daraja B, na mwenye 10 hadi 15 daraja C. Kwa kawaida wanaokatwa ini ni wa daraja A, pamoja na wachache wa daraja B waliochaguliwa kwa uangalifu. Mgonjwa wa daraja C hakatwi, kwa kuwa kisu kitamdhuru zaidi ya ugonjwa.

Baadaye zilikuja mizani nyingine. Ile iitwayo MELD, iliyotoka Mayo Clinic ya Marekani karibu na mwaka 2000, iliongeza kipimo cha figo. Ile iitwayo ALBI, iliyochapishwa mwaka 2015, hutumia vitu viwili tu, albumini na bilirubini. Aidha, daktari hutazama idadi ya chembe sahani za damu na ukubwa wa wengu, kwa sababu chembe zikipungua na wengu ukivimba ni dalili kwamba msukumo wa damu katika mshipa mkuu uendao kwenye ini umepanda.

Vipo pia vipimo vya baada ya upasuaji. Mwaka 2005 madaktari wa hospitali ya Beaujon, karibu na Paris, walichapisha matokeo ya upasuaji 775 wa ini, wa saratani na wa maradhi mengine. Waligundua kwamba siku ya tano ndiyo ya kutazamwa. Mgonjwa ambaye siku hiyo uwezo wa damu yake kuganda uko chini ya asilimia 50 ya kawaida, na bilirubini yake imezidi maikromoli 50 kwa lita, alikuwa na hatari ya kufa mapema ya asilimia 59. Asiyekuwa na mambo hayo mawili kwa pamoja, hatari yake ilikuwa asilimia 1.2.

Msomaji aitazame tena hesabu hiyo ya 59. Inatisha, na ni haki itishe. Lakini maana yake nyingine ni kwamba katika kila mia moja waliofikia hali hiyo, 41 hivi waliivuka. Ndiyo sababu daktari anayeiona alama hiyo hapaswi kukaa na kusubiri. Humrudisha mgonjwa chini ya uangalizi mkali, hutafuta maambukizi yaliyojificha, na hulinda figo zake. Makadirio mazuri humwamsha daktari na muuguzi kabla ya hatari kuingia.

MAHALI HESABU HIZI ZINAPOISHIA

Ni lazima tuseme pia upungufu wake. Nyingi za mizani hizi zilitengenezwa kwa wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki, ambao wengi wao waligunduliwa mapema na kupasuliwa katika hospitali zenye uzoefu wa miaka mingi. Wagonjwa wetu wana sura nyingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwakusanya zaidi ya wagonjwa 2,500 wa saratani ya ini kutoka nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Nchini Misri umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 58, na chanzo kikubwa kilikuwa homa ya ini aina ya C. Katika nchi nyingine nane, umri wa kati ulikuwa miaka 46, na chanzo kikubwa kilikuwa aina ya B. Misri, wagonjwa 76 katika kila mia moja walipata tiba maalumu ya saratani hiyo. Katika nchi nyingine walioipata ni watatu tu katika kila mia moja. Muda wa kati wa kuishi baada ya kugunduliwa ulikuwa miezi 10.9 Misri, na miezi miwili na nusu kwingineko.

Bara ni moja, lakini tofauti ni kubwa, na haikuandikwa katika damu ya watu. Sehemu kubwa yake imetokana na wakati wa kugundua na uwezo wa kutibu. Kwa hiyo mtu wa Kilombero akiambiwa asilimia iliyopatikana Japani au Ufaransa, ana haki ya kuuliza kama inamhusu. Kijana wa miaka 40 mwenye homa ya ini aina ya B anaweza kuwa na ini imara kuliko mzee wa huko aliyehesabiwa. Wakati huo huo, hospitali isiyofanya upasuaji huu mara kwa mara inaweza kuwa na hatari kubwa zaidi ya iliyoandikwa vitabuni.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTIA SAHIHI

Tunawausia ndugu zetu kwamba kabla ya kuuza chochote, na kabla ya kutia sahihi karatasi ya ridhaa, familia iketi na daktari pamoja na mgonjwa mwenyewe, na iulize maswali haya.

Kwanza, ini la mgonjwa wetu lina nguvu kiasi gani, na liko daraja gani kati ya A, B na C? Pili, litakatwa kiasi gani, na litabaki kiasi gani? Tatu, hapa hospitalini mmefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na wangapi walikuwa hai baada ya siku 90? Nne, tusipopasua, kuna njia gani nyingine, na mgonjwa ataishi vipi? Tano, akiruhusiwa, nani atampima, wapi, na dalili zipi zituharakishe kumrudisha?

Kuuliza hivi si utovu wa adabu. Daktari mwaminifu huyapenda maswali kama haya, kwani yanampunguzia mzigo wa kubeba uamuzi peke yake. Na kuhusu swali la tano, dalili za kutosubiri hadi kesho ni hizi: macho kuwa ya manjano, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, tumbo kujaa, homa, kutapika damu au kupata choo cheusi. Mwenye kuziona akiwa bondeni asianze safari ya Dar es Salaam moja kwa moja. Amwahishe mgonjwa katika hospitali iliyo karibu, kama Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, wakampokee na kuwasiliana na waliompasua.

UKWELI, MADENI NA WASIA

Katika jamii yetu ipo desturi ya kumficha mgonjwa. Ndugu humvuta daktari pembeni wakamwambia, mzee asijue. Nia yao ni huruma, lakini matokeo yake huwa dhuluma. Mwili ni wa mgonjwa, na mali inayotaka kuuzwa ni yake. Akifichwa, hunyimwa nafasi ya kusema nani anamdai, nani anadaiwa naye, amana za watu ziko wapi, na shamba lipi alikwisha kumpa nani.

Sote tunajua mafundisho ya Mtume (SAW) juu ya Mwislamu mwenye kitu cha kuusia, kwamba asilale ila wasia wake umeandikwa. Tunajua pia kwamba wasia hauzidi theluthi ya mali, na kwamba madeni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Mambo haya yanamhusu mzima kabla ya mgonjwa. Basi mtu aliyeambiwa kwamba katika mia moja kama yeye, kumi huenda wasifike siku ya 90, amepewa ukumbusho ambao wengi wetu hatuupati. Kuandika wasia hakumharakishii mtu ajali yake.

Vilevile tuitazame mali. Kumtibu mzazi ni wema mkubwa, na hatusemi mali ihifadhiwe naye aachwe. Tunachosema ni kwamba fedha iende mahali inapofaa. Ikiwa ini liko daraja A, uvimbe ni mmoja na hospitali ina uzoefu, kuuza sehemu ya shamba kunaweza kuwa na matumaini ya kweli, kwa sababu waliochaguliwa vizuri wengi wao huishi miaka. Ikiwa ini limefikia daraja C, kuuza shamba lote ili kutafuta mpasuaji atakayekubali ni kumwongezea mgonjwa maumivu na kuwaachia watoto deni. Kwa mgonjwa huyo ipo tiba shufaa: dawa za kutuliza maumivu, kutolewa maji tumboni, kutunzwa karibu na watu wake, kusomewa na kuombewa dua. Hiyo nayo ni tiba, na mwenye kuichagua kwa ushauri wa daktari hajamtupa mzazi wake.

KABLA YA KUFIKA KWENYE KISU

Hatari iliyo nyepesi kuipunguza ni ile iliyoonekana mapema. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto nchini mwaka 2002, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Maana yake ni kwamba waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio baba na mama wa nyumba, wengi wao hawakuipata utotoni. Hao ndio wanaopaswa kupimwa. Pale Ifakara, kliniki ya maradhi ya kudumu iliyoanza mwaka 2004 imekuwa ikiwahudumia watu wenye virusi vya Ukimwi, na watafiti wake wamechunguza homa ya ini aina ya B miongoni mwao. Ni vyema kujua kwamba dawa ya tenofovir, iliyomo katika dawa nyingi za Ukimwi, huvidhibiti pia virusi hivyo vya ini.

Nyumba ambayo mmoja amegundulika, basi mke au mume, watoto na ndugu wa tumbo moja wapimwe. Aliye salama achanjwe. Aliye na virusi afuatiliwe, na daktari akiona haja apewe dawa. Mwenye ini lenye makovu apigwe ultrasaundi kila miezi sita, ili uvimbe ukija uonekane ungali mdogo. Wala asitengwe, kwani homa ya ini aina ya B haiambukizwi kwa kula pamoja sinia moja la wali wala kwa kupeana mikono. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.

Na ghala za nafaka zisisahauliwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliwashika watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Hao waliuawa na sumu nyingi kwa muda mfupi. Sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi huliandaa ini kwa saratani, hasa kwa mwenye virusi vya aina ya B. Mahindi na karanga vikaushwe juu ya turubai, vihifadhiwe pakavu, na vilivyoota ukungu visipikiwe watoto wala visipewe kuku.

Ndugu msomaji, kutegemea kwa Mwenyezi Mungu hakujapata kumzuia mkulima wa Kilombero kutazama kina cha mto kabla ya kupanda mpunga bondeni. Hutazama, akakadiria, akapanda, kisha akamwachia Mola wake yaliyobaki. Familia inayomsikiliza daktari hadi mwisho, ikamshirikisha mgonjwa, ikashauriana na kuamua, imefanya vivyo hivyo. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awarehemu waliotangulia. Amin.